Mashine Mbili, Meza Moja

Jumatatu, tarehe 6

Likizo imeanza. Siku saba bila kusoma mita ya maji ya mtu! Nina shughuli moja tu: kuifanya kompyuta yangu izungumze na kompyuta ya Karani kupitia waya wa simu.

Kompyuta ni ya kizamani, sikatai. Kioo kinachukua dakika nne kupata mwanga, na herufi R haikubali mpaka uipige kofi. Ofisi ilikuwa inazitupa mbili. Moja nikachukua mimi, ya pili nikampa Karani, rafiki yangu anayeandika barua za shule ya wasichana. Sasa kila mmoja amepata modemu. Ni kisanduku cheusi chenye taa sita. Unakichomeka kwenye kompyuta na kwenye simu, nacho kinapiga namba chenyewe. Taa sita!

Jirani yangu Fundi Waya, mtengeneza redio, alikitazama akasema kitu hicho hakitaweza kusema hata hodi. Alisema hayo kwa kinyozi, mbele za watu. Tutaona.

Mke wangu ana lake. Anasubiri simu ya mkuu wa shule hiyohiyo ya wasichana. Bodi ikikubali, yeye ndiye atakayeshona sare za shule nzima, mashati na sketi. Ameingoja kazi hii miaka miwili, na mkuu amemwambia atampigia ndani ya wiki hii. Ikija kazi atahitaji meza yangu kwa ajili ya cherehani la pili. Nimempa mapatano ya kiungwana. Kompyuta ikizungumza kabla ya Jumamosi, meza tunagawana. Isipozungumza, inakwenda uvunguni. Alikubali haraka mno, sikupenda.

Nimewasha saa nne asubuhi. Modemu ikaandika kwamba haisikii mlio wowote wa simu. Nikasoma kitabu cha maelekezo, kurasa sitini. Nikafungua kisanduku, nikafunga. Zikabaki skrubu mbili. Saa tisa mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu apasuliwe jicho, akaniuliza kwa upole kama ule waya ulio sakafuni ni wangu, maana ameuruka tangu asubuhi. Haukuwa umechomekwa popote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimekaa wima saa tano nzima.

Jumanne, tarehe 7

Leo modemu inasikia mlio. Inapiga namba kwa sauti tamu, ti-tu-ti-ti, kisha kimya. Mlio unaendelea vilevile kama vile hakuna aliyesema kitu. Nimejaribu mara kumi na nne.

Fundi Waya amekuja "kusalimia". Akasikiliza mara moja tu, akasema kituo cha simu cha mtaa wetu ni kikongwe, hakijui muziki huo, kinahesabu mapigo kama yale ya kisahani cha kuzungushia namba kwenye simu ya sebuleni. Nibadilishe amri, modemu igonge badala ya kuimba. Nikamshukuru kwa ubaridi. Nikamwambia tatizo la kitaalamu kama hili lina mizizi mirefu zaidi.

Nikangoja afike kwake na afunge mlango. Nikabadilisha herufi moja katika amri. Tak-tak-tak! Kituo kikatii, na kule kwa Karani simu ikaita.

Nimegundua kwa juhudi zangu mwenyewe. Nimeshapita kwa kinyozi kueleza. Fundi Waya alikuwa amekaa pale ananyolewa, akanitazama kwenye kioo. Wivu ni kitu kibaya.

Jumatano, tarehe 8

Pigo jipya, tena limetoka ndani ya nyumba.

Modemu inapogonga namba, simu ya sebuleni nayo inalia kidogo, ting, ting, ting. Ni waya uleule. Na mama mkwe, aliyekaa jirani nayo, ni mtu wa adabu: simu haiwezi kulia mbele yake akaiacha. Anainua, mashine zinachanganyikiwa, mawasiliano yanakatika. Mara ya kwanza alisalimia. Mara ya pili alisalimia akaulizia habari za nyumbani kwa mpigaji. Mara ya tatu mashine ya Karani ilikuwa imeshaanza kupiga ukelele wake, na mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe wangu," akaniambia, "kuna mtu anapiga simu kifua kinambana. Mwambie jirani yake yeyote ampeleke hospitali."

Nikamweleza kwamba ile ni sauti ya mashine. Akasema ndiyo, hata marehemu mumewe alikuwa akikataa kuumwa.

Siwezi kumkataza mama mkwe kupokea simu. Huo utakuwa utovu wa adabu. Lakini simu isiyolia hapokei mtu! Nimesubiri alipokwenda kuoga. Nikageuza simu, nikalegeza kifuniko cha chini, nikachukua kipande cha kitambaa cha bluu kutoka kwenye vibaki vya mke wangu, nikakikunja mara nne na kukisokomeza kati ya kengele na kinyundo chake. Nikafunga. Skrubu zote zimerudi safari hii.

Nimejaribu. Modemu imegonga namba nzima na sebuleni hata mende hakushtuka. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini watu wamepewa nishani kwa machache kuliko haya.

Alhamisi, tarehe 9

Nyumba imetulia ajabu. Mama mkwe amesinzia mchana kutwa, amesema simu yetu siku hizi ina heshima.

Karani hutoka shuleni saa nane. Nikawasha, nikaiamuru modemu isubiri kupigiwa. Nikasubiri saa nzima. Baadaye ikanijia kwamba huenda naye anasubiri. Nikapiga. Inatumika! Ina maana naye alifikiri hivyohivyo, na ananipigia. Nikaacha ili anipate. Naye akaacha ili nimpate. Tumekwenda hivyo mpaka saa kumi, mambo yakawa ya paka na panya bila kujua nani ni paka.

Nikaamua kwenda kwake kwa miguu, ni dakika kumi tu, tukubaliane. Mkewe akasema ametoka sasa hivi, amekwenda kwangu. Nikarudi mbio. Mama mkwe akasema alifika mtu mwembamba, akagonga, akangoja, akaondoka. Yeye alishindwa kuinuka upesi. Nikaenda tena, nikaacha barua chini ya mlango wa Karani: kesho saa nane na robo, mimi napiga, wewe unasubiri.

Mke wangu amekaa karibu na simu tangu asubuhi, anashona vifungo ili mikono isikae bure. Mara mbili ameinua mkono wa simu kusikiliza kama iko hai. Iko hai, mlio safi kabisa. Mara ya pili alinikatia mawasiliano, lakini sikusema kitu. Mimi ni mtu wa subira.

Jioni aliniambia labda kesho aende shuleni mwenyewe akaulize. Nikamshauri asiende. Nilimwambia anayefuatilia sana anaonekana ana shida, na bodi haiwapendi watu wenye shida. Kama mkuu amesema atapiga, atapiga. Akanishukuru kwa kumtuliza. Nimelala nikijisikia mume mwema.

Ijumaa, tarehe 10

Siku kubwa. Nitaandika yote kwa utaratibu.

Saa nane na robo kamili nimepiga. Tak-tak-tak. Ikaita. Mashine ya Karani ikapokea! Zikapigiana kelele, taa nne kati ya sita zikawaka, na kwenye kioo likaja neno la kwanza kutoka kwa Karani: alama za dola, mabano na nyota, mstari mzima. Si tusi, ni mipangilio tu. Yeye alikuwa amechagua biti saba kwa kila herufi, mimi nane. Nikabadilisha, nikapiga upya.

Saa nane na nusu maneno yakaanza kuja, herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma. Nimeyanakili hapa kwa ajili ya historia:

MKUU ANAPIGA KWENU TANGU JANA ASUBUHI INAITA TU HAPOKEI MTU. BODI INAFUNGA ORODHA LEO SAA KUMI. MKEO APIGE SHULE SASA HIVI.

Herufi zote! Hata R imekuja! Nikajibu: ZIMEFIKA SAFI. TUMA TENA KWA KASI ZAIDI. Karani akatuma tena. Safari hii yalikuja haraka zaidi, na mwishoni akaongeza UMESOMA LAKINI? Nikamjibu nimesoma mara mbili.

Nilijua habari hii ni ya mke wangu. Sikuwa na nia ya kumficha, Mungu shahidi. Lakini ujumbe wa kwanza wa aina yake mtaani kwetu haufikishwi kwa mdomo. Nilitaka auone kwenye karatasi, ili na Fundi Waya auone. Nikawasha printa. Utepe wake wa wino umekauka. Karatasi ya kwanza ikatoka nyeupe kabisa. Nikauzungusha utepe kwa mkono, nikaulowesha na wino wa kalamu. Ya pili ikatoka na doa. Ya tatu ikakwama. Ya nne, unaweza kuisoma ukiielekeza dirishani.

Nikampelekea sebuleni. Akaielekeza dirishani, akasoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa pongezi.

"Hii imekuja saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia nane na nusu. Wote wawili tukatazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi na dakika ishirini.

Akapiga shule. Mkuu alikuwa bado ofisini. Nilimsikia mke wangu akisema ndiyo mwalimu, hapana mwalimu, tulikuwepo mwalimu, sijatoka nyumbani siku mbili. Mkuu amepiga mara tisa. Bodi imengoja mpaka saa kumi, ikampa mashati fundi mwingine. Sketi mkuu mwenyewe aliwaomba wamwachie mpaka leo jioni. Mke wangu akasema anazichukua, akashukuru, akaweka simu chini taratibu.

Kisha akaiinua simu nzima, akaitikisa. Kengele haikulia. Akachukua kisu cha kukatia nyuzi akafungua skrubu, moja, mbili, tatu. Akavuta kitambaa cha bluu. Akakikunjua mara nne na kukilaza gotini.

"Hiki nilikata mimi," akasema. "Ni cha mfano wa shati nililompelekea mkuu."

Akakikunja tena, akarudi kwenye vifungo vyake. Heri angefoka. Mama mkwe akanitazama, kisha akatazama sakafu, akasema anakwenda kujilaza.

Jumamosi, tarehe 11

Jana nilimsikia mke wangu akilia chumbani, kwa sauti ndogo. Imeniuma. Nimekaa nje ya mlango nikiwa na glasi ya maji mpaka maji yakawa vuguvugu, sikujua niingie nikasemeje. Sikuingia.

Leo ananisalimia, ananipa chakula, ananijibu nikiuliza. Mambo yote ya lazima. Sijawahi kuona nyumba yenye adabu kama hii, inatisha.

Kwa haki, mapatano yanasema kompyuta ikizungumza tunagawana meza. Nayo imezungumza, tena mara mbili. Sikulikumbusha jambo hilo. Nimeibeba kompyuta mwenyewe, na printa, na modemu, nikapanga vyote sakafuni kando ya kitanda. Cherehani la pili limekaa mezani. Ameniambia ahsante. Neno moja, bila kugeuka.

Karani alipita kuniuliza kwa nini nilimwambia atume tena. Nikamwambia ilikuwa majaribio ya kasi. Akasema shuleni watu wanamhurumia mke wangu, na baadhi yao wanamhurumia zaidi kwa kuolewa na mimi. Karani ni rafiki wa kweli, lakini hana busara ya kuchuja maneno.

Nusu shari kuliko shari kamili. Tukifikiri vizuri, bila modemu hata sketi zingepotea. Nilitaka kumweleza mke wangu hesabu hiyo wakati wa chakula. Mama mkwe akanipa mboga zaidi kabla sijafungua mdomo. Nadhani alijua.

Jumapili, tarehe 12

Nimeamka na uamuzi. Mtu mzima akikosa huomba msamaha. Sitangoja.

Nimelala kifudifudi sakafuni tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikaandika. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii. Nimesema nilimziba masikio kwa kitambaa chake mwenyewe. Nimesema miaka miwili si mchezo, na kwamba nilipouona ujumbe ule niliona herufi tu, sikumwona yeye. Nilipofika hapo nilifuta machozi, nikapiga R kofi, nikaendelea. Saa tatu waraka ulikuwa tayari. Aya nne, hakuna kujitetea hata kidogo, isipokuwa mstari mmoja kuhusu printa.

Mke wangu yuko chumba cha pili. Nasikia cherehani linakwenda, linasimama, linakwenda. Mara moja lilisimama muda mrefu, akaniita akaniuliza kama nina la kumwambia, maana ananisikia nikibonyeza na kunung'unika tangu alfajiri. Nikamwambia lipo, na ni kubwa, avumilie kidogo.

Nimechapa. Utepe huu haufai kitu. Neno "nisamehe" halionekani kabisa hata dirishani, yameonekana tu "mimi" na "kompyuta". Nikaenda mpaka kwa Fundi Waya, nikameza kiburi, nikamwomba utepe mpya. Ana mahali pa kuupata. Utafika Alhamisi.

Siku nne si nyingi. Jambo lenye uzito kama hili halifai kusomwa kwa wino hafifu.