Hati ya Bonge Isiyochanika

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tangazo limetoka. Dada kaandika kwenye kundi la familia kwamba Jumamosi saa tisa alasiri binti yake anatimiza mwaka mmoja, na sote tunakaribishwa. Jina la mtoto halitumiki tena. Ni Bonge, na mashavu yake yanalitetea hilo jina. Halafu, kwa herufi kubwa: MTU ASILETE MDOLI. Wala gari, wala ngoma, wala kitu kinacholia, kinachowaka au kinachokula betri. Nyumba imejaa. Juzi shemeji kakanyaga bata wa plastiki bafuni, nusura avunje nyonga. Zawadi iwe ya bei nafuu na isichukue nafasi.

Bei nafuu! Hatimaye familia hii imeandaa shindano ninaloliweza.

Mpinzani ni mmoja tu: mdogo wake shemeji, Baba Mdogo wa Bonge. Anauza makochi. Hajui kitu kidogo ni nini. Mwezi uliopita alileta dubu wa manyoya mkubwa hivi kwamba dubu anakaa kwenye kiti na shemeji anakula amesimama.

Sababu ya kuhangaika kwangu ni hii. Sebuleni, juu ya televisheni, kuna picha ya siku Bonge alipotoka hospitali. Baba Mdogo yuko katikati, kampakata. Na mimi nimo. Kiwiko changu. Jumamosi itapigwa picha mpya, itakuzwa, itundikwe pale pale, na atakayempakata mtoto ndiye atakayekaa katikati. Tatizo: Bonge akiniona analia. Si kunung'unika. Anapiga yowe mpaka jirani anachungulia. Dada alisema ni ndevu. Nikanyoa. Akalia zaidi.

Inaniuma, na sijamwambia mtu. Mimi ndiye mjomba wake pekee.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wazo la kwanza: wimbo. Haugharimu kitu, haukai kabatini. Nimeutunga asubuhi nikipiga mswaki. Beti nane, kila moja inamtaja mjomba.

Nimeufanyia mazoezi dukani ninakofanya kazi, nyuma ya mashine ya fotokopi, nikidhani kelele za mashine zitanificha. Bosi akauliza kama tumbo linanisumbua. Mama mmoja akachukua kurasa zake kabla hazijaisha, akasema nyingine atazifuata kesho.

Wimbo umefutwa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Baba Mdogo amenipigia simu. Yeye! Amechanganyikiwa, hajawahi kununua kitu kidogo, anaomba ushauri kwangu kama mtu anayemfahamu Dada tangu utotoni. Nikamwambia kwa sauti ya upole kwamba Dada anasema vile kwa adabu tu. Moyoni anataka kitu cha maana, kitu cha kukumbukwa. Akashukuru kwa dhati. Akasema mimi ni mtu mwema.

Dhamiri ilinisuta. Kama dakika mbili hivi.

Kisha mchana, nikiwa nafunga vitambulisho vya wanafunzi ndani ya plastiki, likanijia. Hati! Nitampa Bonge hati inayosema kwamba ana haki ya kutunzwa na mjomba wake. Karatasi moja. Haichukui nafasi. Karatasi ipo dukani, wino upo dukani, plastiki ipo dukani. Dada atalia kwa furaha. Na uzuri wenyewe ni kwamba mwenye haki ana mwaka mmoja. Kusoma hajui. Akija kujua, ana miaka saba, hati ilishapotea zamani na mimi nilishasahau.

Nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kazi imekamilika. Kuandika maneno ya kisheria ni shughuli, na foleni ya watu wa fomu ilikuwa imefika mlangoni. Nikakumbuka kwamba tunayo dhamana ya matengenezo ya mashine, ile ambayo Bosi humpa kila anayetuletea printa. Iko kwenye kompyuta. Nikaiambia kompyuta ibadilishe: palipo na fundi iweke mjomba, palipo na mashine iweke mtoto. Sekunde moja. Kichwa cha habari nikaandika mwenyewe, HATI YA HUDUMA YA MJOMBA, nikaweka na ua kila pembe. Sikuisoma yote. Kwani nani anasoma dhamana?

Nikapiga muhuri wa bluu. Nikaifunga kwa plastiki nzito kuliko zote, ile ya menyu za hoteli, kwa sababu Bonge ana meno manne na anayatumia. Nikajaribu kuichana. Haichaniki. Mkasi wa dukani umeishia ukingoni. Nikazikata pembe kwa mashine ziwe mviringo zisimchome.

Bosi akauliza ni kitu gani kile. Nikasema sampuli.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Nieleze kwa utaratibu.

Saa tisa kamili nilikuwa sebuleni, shati limenyooshwa, bahasha mfukoni. Bonge akaniona, akapiga yowe. Ilitarajiwa. Saa tisa na nusu tukasikia watu wanahema kwenye ngazi. Baba Mdogo na wapakizi wake wawili wameleta bembea ya kuteleza. Nyekundu, ya plastiki, ndefu kuliko kochi. Haikupita mlangoni. Wakaiinamisha, ikapita nusu, ikakwama. Kwa robo saa hakuna aliyeingia wala kutoka, na shangazi mmoja akala keki yake akiwa nje. Uso wa Dada sikuwahi kuuona vile tangu nilipomvunjia redio.

Nilikuwa napaa kwa furaha. Ndipo Baba Mdogo, akifuta jasho, akaeleza mbele ya wote kwamba wazo lilikuwa la mjomba. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananipa sifa yangu.

Macho yote kwangu. Nikachomoa bahasha haraka haraka, nikamkabidhi Dada.

Akaisoma kimya. Kisha akaisoma kwa sauti. Huduma hii inapatikana siku yoyote, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mjomba atafika alipo mteja ndani ya saa moja baada ya kupigiwa simu. Mtoto akitoa sauti isiyo ya kawaida, azimwe mara moja na mjomba aitwe. Mteja asiporidhika, huduma itarudiwa bila malipo. Dhamana hii haina ukomo.

Wengine wakacheka. Dada hakucheka. Macho yake yalilowa. Kumbe msichana aliyekuwa akimsaidia kazi ameondoka wiki mbili sasa, na shemeji anasafiri kesho alfajiri, na Dada ni muuguzi, zamu hazimsubiri. Hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa anambeba Bonge mpaka kwa jirani kila asubuhi akiwa na sare ya kazi.

“Nilidhani hakuna aliyeona, mdogo wangu,” akasema. “Kesho saa kumi na mbili kasoro uwe hapa.”

Nilitaka kueleza kwamba hati ni ya mtoto, si ya mama. Badala yake nikaitikia kwa kichwa.

Kwa shukrani akanikalisha katikati kwa ajili ya picha, akaniwekea Bonge mapajani. Bonge akajipinda kama upinde na kulia mpaka akapaliwa. Wakampa Baba Mdogo ampakate. Nimo kwenye picha, pembeni, nimeshikilia bembea isimwangukie shangazi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Saa kumi na mbili kasoro nilifika. Dada akanionyesha maziwa, nepi, uji, akaibandika hati kwenye friji kwa sumaku, akaenda.

Saa kumi na mbili hadi saa mbili: kulia. Nikampa chupa, akaitupa. Nikamwimbia ubeti wa kwanza, akaongeza sauti. Nikabadilisha nepi. Sitaandika yaliyotokea kwenye ile nepi. Nitasema tu kwamba shati lililonyooshwa jana halinyoosheki tena.

Saa mbili na robo nikakata shauri. Hati ikipotea, hakuna dhamana. Nikamweka Bonge sakafuni juu ya mkeka, nikaivua hati kwenye friji. Nikaichana. Wapi! Nikachukua mkasi wa jikoni. Mkasi ukapinda. Nikachukua kisu cha mkate, kikateleza. Nikaichoma kwa njiti ya kiberiti, ikatoa harufu mbaya na kubaki vile vile. Laana ya plastiki ya menyu! Nikapandwa na hasira, nikaitia pembe mdomoni, nikaanza kuitafuna kwa magego.

Kimya.

Nikatazama chini. Bonge ametambaa mpaka miguuni pangu na hana chozi. Ananiangalia. Nikatafuna tena. Akacheka. Mara ya kwanza maishani mwake kunichekea, na mashavu yale yakicheka yanakuwa kitu kingine. Nikakaa sakafuni. Akaishika pembe ya pili, akaitia mdomoni, akang'ata na yeye. Tukaitafuna hati pamoja, yeye huku na mimi kule, na kila nikinguruma anaangua kicheko.

Baadaye akapanda kifuani kwangu akalala, hati mkononi. Ningeweza kuichukua. Vidole vilikuwa vimelegea kabisa. Sikuichukua. Sikusogea kwa saa mbili, mguu ukafa ganzi, nzi akanitembea puani. Sijui mara ya mwisho nilifurahi hivyo lini.

Dada aliporudi alikuta mkasi umepinda na alama za meno za ukubwa wa aina mbili. Akauliza. Nikasema nilikuwa nakagua ubora wa kazi yangu. Akaigeuza hati, akanitazama, akaibandika tena kwenye friji, juu zaidi.

“Mteja hajaridhika,” akasema. “Huduma irudiwe Jumatano.”

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimeomba ruhusa kwa Bosi. Nilipoingia tu, Bonge akanyoosha mikono. Kwangu! Dada alikuwa amembeba, na bado alinitaka mimi. Nimegeuka ukutani kidogo, nikajifanya natafuta viatu.

Habari nyingine njema. Picha ya Jumamosi imeharibika. Baba Mdogo kafumba macho, na bembea imewaziba shemeji na keki. Itapigwa nyingine Jumamosi ijayo, shemeji akisharudi, na Dada amesema mtoto achague mwenyewe wa kumpakata.

Mtu mwingine angekaa atulie. Mimi sikubali kubahatisha. Vipi kama siku hiyo Bonge atamtazama kwanza Baba Mdogo? Nikafikiri kutwa nzima. Jioni jawabu likaja lenyewe: nimfurahishe Baba Mdogo, aniachie nafasi kwa hiari yake. Zawadi ndogo, ya bei nafuu, isiyochukua nafasi.

Hati ya Bonge bado iko kwenye kompyuta ya dukani. Kazi ya dakika moja. Palipo na mtoto nimeweka mzigo, kwa sababu neno mtoto halimfai mtu mzima. Mengine nimeyaacha kama yalivyo, na plastiki ni ile ile ya menyu.

Nimempelekea Baba Mdogo, ameipokea kwa mikono miwili. Amesogea dirishani, akaisoma yote, taratibu, mpaka muhuri. Akaniuliza kama kweli ni siku yoyote, hata Jumapili. Nikamwambia siku yoyote, hata sikukuu. Akaniuliza kama kweli haina ukomo. Nikacheka, nikampiga begani. Kiti cha katikati amekiacha papo hapo, bila hata kubembelezwa.

Nimetembea mpaka nyumbani nikipiga mluzi. Namhurumia. Karatasi tupu! Mtu kazi yake kuuza makochi, atanihitaji kwa lipi?