Wanaume wa Methodisti Tulivyovuta Kamba Kibiti

Jumapili, 15 Juni

Ibada ndefu leo. Mchungaji ametangaza Wiki ya Likizo. Asubuhi masomo ya Biblia kwa watoto, jioni kwaya, Jumamosi bonanza na chakula cha pamoja. Kanisa letu la Methodisti hapa Kibiti ni dogo, mabati machache nyuma ya stendi, lakini Wiki ya Likizo ni jambo kubwa.

Mwaka jana niliiongoza mimi. Watoto waliopotea walipatikana wote kabla ya magharibi. Hata hivyo mwaka huu Mchungaji amempa Mwalimu Zawadi, mwenyekiti wa akina mama. Hakunitazama alipokuwa anatangaza.

Nikasimama. Nikasema kwa upole kwamba uongozi ni mzigo mzito na wanaume wa kanisa hili tumezoea mizigo. Nikapendekeza Jumamosi tuvute kamba, wanaume kwa akina mama, na upande utakaoshinda uongoze kambi ya Krismasi na likizo ya mwakani. Mchungaji akadhani natania, akacheka. Watu wakapiga makofi. Basi limepita.

Mwalimu Zawadi akasimama na matangazo yake marefu kuhusu bonanza, nani aalikwe, nani alete nini. Sikukaa kuyasikiliza. Kiongozi akionekana hana haraka, watu humdharau.

Njiani mke wangu Salama aliniuliza kama nimewahi kuhesabu wanaume wa kanisa letu. Nikamjibu kwamba imani haihesabu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimehesabu.

Ukimtoa Mchungaji, ambaye ni refa, tumebaki mimi, mwalimu wa hisabati mwenye mgongo, karani mstaafu anayetembea na fimbo, na kijana wa bodaboda ambaye huja kanisani mvua ikinyesha. Upande wa pili kuna kwaya nzima. Wanawake wanaolima ufuta, wanaobeba maji, na Mwalimu Zawadi mwenyewe, ambaye bado anacheza netiboli na wanafunzi wake.

Nimefunga duka langu la vipuri vya pikipiki, nikaenda Ikwiriri kununua kamba. Mwenye kamba ana mamlaka. Kunal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaniuliza kamba ni ya kuvutia nini. Nikamwambia ni shughuli ya kanisa, ya siri kidogo. Akasema aaa, ile ya kuvuta Jumamosi? Mwalimu Zawadi amepita asubuhi, naye Kunal akamwazima nzuri kabisa, bure, na yeye na mkewe Mamta wamealikwa kuja kula.

Nimerudi na mfuko wa misumari. Isionekane nilikwenda bure.

Jumatano, 18 Juni

Mazoezi ya wanaume, nyuma ya duka langu. Kijana wa bodaboda hakuja. Karani alikuja kushauri. Nikafunga kamba ya zamani kwenye mkorosho, tukavuta, mimi na mwalimu wa hisabati.

Mkorosho umeshinda. Mwalimu wa hisabati amerudi nyumbani akitembea kwa ubavu kama kaa.

Jirani yangu Johari, anayekaanga vitumbua mbele ya duka langu, alikuwa anaangalia. Alicheka mpaka mafuta yakaungua. Halafu akasema, kwa kupita tu, kwamba shemeji yake, Abdulhalim, amekuja na binamu zake kutoka visiwani kule delta ya Rufiji, wanasubiri mashine ya boti yao itengenezwe. Hao ni wakata mikoko. Kazi yao ni kung'oa magogo kwenye tope na kuyavuta mpaka majini, kutwa. Akasema watu kama hao ndio wa kuvuta kamba, siyo sisi.

Alisema kama mzaha. Mimi sikuuchukua kama mzaha.

Alhamisi, 19 Juni

Nimewaona. Abdulhalim ni mtu mpole, anaongea chini chini, na viganja vyake ni kama makasia. Binamu yake Sufiani alikuwa ameketi juu ya mashine ya boti kama mtu aliyeketi kwenye kigoda, kisha akaiinua na kuisogeza ili mimi nipate kivuli.

Nikawaeleza. Jumamosi, kamba, pilau. Abdulhalim akauliza watavutana na nani. Nikasema na watu wa kanisa. Huo si uongo.

Nikawaomba wavae fulana za bluu kama zetu, na mtu akiwauliza waseme ni waumini wapya. Sufiani akasema jambo la dini halisemewi uongo. Nikamwambia basi akae kimya tu. Abdulhalim akafikiri kidogo, akasema:

"Bwana Mashaka, ukituita kama majirani, tunakuja. Ukituita kama watu wengine, hatuji."

Nikasema kama majirani. Nililisema kwa sauti ya chini, maana mke wa karani alikuwa anapita.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda kanisani kupeleleza mazoezi ya akina mama. Hawafanyi mazoezi. Wanachambua mchele. Masufuria makubwa wameazima msikitini, na mjomba wake Johari ndiye atakayechinja mbuzi ili kila mtu ale bila wasiwasi. Wanaimba, wanacheka, wanazungumzia bei ya ufuta. Nimewahurumia.

Salama alikuwa katikati yao. Nilimtarajia angalau aone haya kidogo.

Mwalimu Zawadi ameniomba niwe Goliathi kwenye igizo la watoto la kufunga masomo. Nimekubali kwa sababu Goliathi ana maneno mengi kuliko wote. Nilikuwa katikati ya hotuba yangu pale Daudi aliponitupia kitambaa kilichofungwa mchanga, kabla ya wakati wake, nikapigwa puani. Watoto walishangilia kupita kiasi. Nikamwambia Mwalimu Zawadi kwamba Daudi hakufuata igizo. Akasema hata yule wa kwenye Biblia hakungoja hotuba iishe.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Watoto walikimbia na magunia, karani akashinda mchezo wa bao, Kunal na Mamta wakaja na sinia la jalebi. Nilishangaa kidogo kuona majirani wengi ambao si wa kanisa, nusu ya mtaa, wameketi kwenye mikeka. Sikulifikiria sana. Jeshi langu nilikuwa nimelificha nyuma ya choo cha kanisa.

Baada ya chakula Mchungaji akaita kamba. Akina mama wakajipanga, wakakaza kanga viunoni. Upande wetu tulisimama mimi na mwalimu wa hisabati. Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke. Halafu nikapiga mluzi, na Abdulhalim na wenzake wakatokea, mabega kama milango, fulana za bluu zimewabana vifuani.

Nilimtazama Mchungaji nione uso wake. Uso wake ulikuwa wa furaha.

"Karibuni majirani," akawaambia. "Mwalimu Zawadi alisema Jumapili tuwaalike wote, kila upande na majirani zake. Nilidhani wanaume hamtaleta mtu."

Kumbe ilikuwa ruhusa. Ilitangazwa Jumapili, mimi nikiwa nje naonekana nina haraka. Siku tatu nimeficha kitu ambacho kanisa zima limeruhusiwa. Nilijisikia kama mtu aliyepanda ukuta kwa kucha, akakuta mlango uko wazi.

Lakini ushindi ni ushindi. Nikawapanga. Abdulhalim mbele, Sufiani nyuma yake, binamu wengine wakafuata, mwalimu wa hisabati katikati kwa heshima tu. Mimi nikakaa mwisho. Nikajifunga ncha ya kamba kiunoni, fundo juu ya fundo, niwe nanga. Nilitaka ionekane wazi ushindi umeshikiliwa na nani.

Abdulhalim akageuka. "Bwana Mashaka, hawa ni wanawake."

"Ni watu wa kanisa," nikasema. "Shika kamba."

Akashika, lakini si kwa moyo. Mchungaji akainua filimbi mdomoni. Hapo ndipo mwanamke wa mbele kabisa upande wa pili, mama wa makamo mnene, aliyekuwa ameinama anajifunga mtandio, akainua uso. Ni Bi Hadija, mama yake Johari. Nilimwona naye nikafikiri tu, hata huyu wamemleta.

Sikukumbuka kwamba mama yake Johari ni mama wa dada yake Johari pia. Na kwamba dada yake Johari ndiye mke wa Abdulhalim.

Filimbi ikalia.

Abdulhalim akafungua viganja vyake. Hakutupa kamba, aliiachia taratibu kama mtu anayeweka kikombe mezani. Akarudi hatua moja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," Bi Hadija akajibu, huku anavuta. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Sufiani akaachia. Mkwe wa kaka ni mkwe wako. Binamu wote wakaachia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shikamoo yake. Mwalimu wa hisabati akaachia kwa sababu ya mgongo. Na mimi, ambaye sikuweza kuachia, nikaondoka.

Nilipita katikati ya jeshi langu mwenyewe. Nilipita mstari. Nilijaribu kufungua fundo, lakini nililifunga vizuri mno. Nilipita pale akina mama walipokuwa wakimwaga maji ya kuoshea masufuria, na hapo kasi ikaongezeka. Nilisikia kwaya inaimba. Nilikomea miguuni pa Bi Hadija, nikiwa na punje za wali masikioni.

Nikamwamkia na mimi. Sikujua la kufanya lingine.

Jumapili, 22 Juni

Sikukaa kanisani leo. Nilisimama nyuma, nikiegemea ukuta. Kiuno hakikubali benchi.

Jana Salama alinikanda kwa maji ya moto na chumvi. Nikamuuliza kama aliona kwamba aliyefungwa kwenye kamba ni mumewe. Akasema aliona. Nikamuuliza mbona hakuacha kuvuta. Akasema nilisimama mbele ya kanisa nikasema kamba iamue. Kisha akaendelea kunikanda, polepole, na sikumuuliza tena. Mikono yake ilikuwa na malengelenge. Sikuwa nimejua kwamba alivuta kwa nguvu kiasi kile.

Leo jioni Abdulhalim amekuja nyumbani. Aliketi ukumbini kwa adabu, akasema amekuja kuomba radhi.

"Mkwe ni mkwe, bwana Mashaka. Ningemvuta yule mama, usiku ningelala wapi?"

Nikamwambia yamekwisha. Nilitaka kumwambia pia kwamba mimi ndiye niliyemficha habari, na kwamba aliniambia wazi nimwite kama jirani nami nikamweka nyuma ya choo. Nikamwongezea chai.

Alikuwa ameleta zawadi kutoka delta, kapu zima. Salama akalifunua, akasema ni kamba. Wa kuliwa, wakubwa, wabichi. Akaanza kucheka, akaenda kucheka jikoni, akarudi, akaanza tena. Hata Abdulhalim alitazama chini, mabega yake yakitikisika.

Walikuwa watamu sana. Nilikula kwa uchungu.

Asubuhi kanisani, wakati wa matangazo, Mchungaji alisema majirani wa delta wameona nguzo ya baraza la kanisa imeinama, wamejitolea kuleta nyingine na kuisimamisha wenyewe. Watu walipiga makofi. Baada ya ibada nilimkumbusha Mchungaji ni nani aliyewaleta. Akasema anakumbuka vizuri. Nadhani alitabasamu.

Jumatatu, 23 Juni

Leo nimefungua duka, nimeuza nikiwa nimesimama. Johari amenipa vitumbua bila kusema neno, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mchana Mwalimu Zawadi amekuja. Nilijiandaa kwa masimango. Hakusimanga. Aliniuliza habari za kiuno, akasema kambi ya Krismasi ni yao sasa lakini inahitaji mtu wa kusimamia maji, na kwamba mimi ni mtu wa bidii, tatizo langu ni njia tu. Akasema Jumapili ijayo, kufunga likizo, watafanya shindano la kukuna nazi, wanaume kwa akina mama, la kuchekesha tu, halina chochote ndani yake. Nikaitikia kwa unyenyekevu. Nimemsindikiza mpaka barabarani.

Kisha nikaketi, nikainuka, nikafikiri.

Ni lazima mtu ajifunze kutokana na makosa. Nimeyapitia ya Jumamosi kwa utulivu na nimeliona kosa langu, na ni dogo. Nilitegemea nguvu. Wanaume watano wenye viganja kama makasia, na hawakufaa kitu mbele ya mama mmoja mnene. Kumbe kilichoshinda si kwaya wala bidii wala sala. Ni mkwe. Wao walikuwa naye, mimi sikuwa naye.

Na mimi ninaye. Yuko Mbwara, analima, na hakuna mwanamke anayekuna nazi kama mama yake Salama. Salama akimwona mamaye upande wa wanaume, mbuzi ya nazi itamdondoka mkononi, na akina mama wenzake watafuata mmoja mmoja kwa heshima.

Nimempigia simu. Nimemwambia tunamkumbuka sana, aje atusalimie, na Jumapili atusaidie kidogo upande wa wanaume. Amefurahi. Amesema anakuja na basi la Ijumaa. Kisha akauliza Salama yeye atakuwa upande gani.

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.