Sifuri Moja Zaidi

Jumatatu, 20 Januari

"Fedha hizo hazikuwa zako wakati wowote." Ndivyo inavyosema barua ya benki. Uongo! Uongo wenye muhuri! Fedha iliingia kwenye akaunti yangu, ikalala humo bila hata kukohoa, nikaitoa kwa kitambulisho changu mbele ya mlinzi wao mwenye bunduki. Basi ilikuwa ya nani? Ya Papa wa Roma?

Wanajieleza hivi: miaka miwili iliyopita mke wangu Eulogia alinitumia boliviano elfu mbili kutoka Valencia, Hispania. Mtu wao akabonyeza sifuri mara moja zaidi. Zikaingia elfu ishirini. Leo wamezinduka, wanataka elfu kumi na nane zao. Miaka miwili! Hata mwizi angekuwa amestaafu.

Jambo moja hawalijui. Kabla Eulogia hajapanda ndege, alininunulia nyumba ya plasta kwenye gulio la Alasitas, ndogo kama kiberiti, yenye ghorofa juu yake. Ilikuwa adhuhuri ya tarehe ishirini na nne Januari, mganga akaifukiza ubani kama ipasavyo. Hapa El Alto, Bolivia, kila mtu anajua: ukipewa kidogo kwa moyo, kikubwa kinakuja nyuma yake. Kikaja. Elfu ishirini! Eulogia hakuandika neno, wala hakuhitaji. Ile sifuri niliisoma kama wengine wasomavyo barua ya mapenzi: Jenga, Fermín, narudi.

Nikajenga. Ghorofa ya juu, chumba kimoja, dirisha kubwa linalotazama mlima Illimani, kama alivyotamani siku zote. Kitanda kimo. Sijakilalia. Kinamngoja mwenyewe.

Kwa hiyo benki haidai fedha. Inadai kwamba mke wangu hakusema kitu. Nitapigana.

Jumanne, 21 Januari

Mtaani kwetu wezi huonywa kwa sanamu ya majani inayoning'inizwa kwenye nguzo. Basi nami nimemning'iniza mwizi wangu. Nimemfunga tai, nimemtundika kibao kifuani: MENEJA. Suti sikuwa nayo nyingine, nimemvisha ile ya harusi yangu. Kazi safi. Ya kutisha.

Jirani Hilarión, mwenye ghorofa nne na vioo vya kijani kama miwani ya mlevi, alitoka akauliza kwa nini nimejinyonga. Eti sanamu imefanana nami, hasa tumbo. Akauliza pia benki inahamia lini kwenye ghorofa yake, apate kuwakaribisha majirani wapya kwa bia. Nilimjibu kwamba dola ya Roma nayo ilikuwa na vicheko vingi ilipokaribia kuanguka. Akasema Roma haikujengwa kwa hela za watu. Mjinga. Ilijengwa kwa hela za watu tupu!

Mama mkwe, doña Saturnina, anakaa chumba cha chini. Aliniletea supu, akauliza kwa nini nisimuulize tu Eulogia kama alizituma. Nikamwambia mapenzi hayahojiwi kama shahidi mahakamani. Akasema, "Mkwe, wewe unaogopa."

Nikapanda juu kuangalia kama dirisha limefungwa. Lilikuwa limefungwa.

Jumatano, 22 Januari

Nimeteremka hadi benki na hotuba mfukoni. Mlango umefungwa. Sikukuu ya taifa! Mimi, niliyeyaandikia magazeti barua kuitetea sikukuu hii dhidi ya wanaoidharau! (Hawakuichapa. Hawachapi chochote chenye meno.)

Nikaisoma hotuba mbele ya mlinzi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema yeye si wa benki, ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, na analinda mlango tu. Akauliza kama nina kitu cha kutafuna.

Mvua ya mawe njiani. Nimekuta kamba imekatika, meneja amelala kifudifudi kwenye dimbwi. Ndani ya suti yangu.

Alhamisi, 23 Januari

Benki. Suti mbichi, inanuka zizi. Nilipokelewa na binti mmoja, Maribel Quisbert, kijana mwenye sauti ya kumliwaza mgonjwa. Aliniita mzee wangu. Nina miaka hamsini na mitatu! Kabla sijafungua kinywa aliniondolea unyasi kwenye kola, na nusu ya hasira yangu ikaondoka nao.

Nikamweleza yote. Nyumba ya plasta, sifuri, dirisha. Hakucheka. Alinigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Jina la mtumaji. Jina la mpokeaji. Chini yake, palipoandikwa Ujumbe, pakavu. Peupe. Nikamwambia ndivyo walivyo watu waliooana: hawaandikiani. Akasema ndiyo, hata mama yake yuko Hispania, naye haandiki.

Habari yake ni hii. Nilipe kidogo kidogo kila mwezi. Ameshaniombea nisitozwe riba. Karatasi amenipa, niitie sahihi kufikia Jumatatu. Nisipotia, watakata kwenye kila kitakachotumwa na Eulogia. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba ingekuwa rahisi kumpigia señora Eulogia na kumuuliza.

Njama! Mama mkwe ameshafika mpaka benki.

Ijumaa, 24 Januari

Alasitas! Leo ndiyo leo. Shauri langu: sanduku dogo la safari na tiketi ndogo ya ndege yenye jina la Eulogia. Lakini cha kujinunulia hakina nguvu, sharti upewe. Kwa hiyo tulipokuwa tunashuka La Paz kwa gari la waya lipitalo angani, nilimshikisha mama mkwe fedha ili aninunulie kwa moyo wake mwenyewe.

Watu kama siafu, moshi, kengele za saa sita. Waganga wanamwaga maua na pombe juu ya vijumba, vigari, vyeti vya chuo kikuu vya ukubwa wa kucha. Hilarión alikuwa pale, amejinunulia ghorofa ya tano. Mama mkwe akarudi na kitu ndani ya gazeti, kimeshafukizwa. Nikafungua.

Mtetea. Mtetea wa plasta, mwenye kishungi chekundu! Huyo hupewa mwanamume asiye na mke, ili apate.

Hilarión alicheka hadi kofia ikaanguka. Mama mkwe hakucheka. Alisema, "Mkwe, mjane si mjane, mwenye mke si mwenye mke. Yule ni mwanangu, nimemzaa, namjua. Usizeeke unangoja ngazini." Kisha akanirudishia chenji.

Nilitaka kumvurumisha yule ndege. Haiwezekani, ameshabarikiwa. Nimempeleka chumba cha juu, nikamgeuza atazame ukuta.

Jumapili, 26 Januari

Eulogia hupiga simu Jumapili, akishamwogesha bibi kizee anayemtunza. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia mvua. Mama mkwe akaninyang'anya simu, akamwaga yote kwa pumzi moja: benki, sifuri, ghorofa, kuku. Kisha akanirudishia, akaenda kumenya viazi.

Halafu Eulogia akasema, "Fermín, mimi sikuzituma."

Nikamkumbusha. Siku ile nilimwambia, "Nimepokea, nimeelewa," naye akajibu, "Vizuri." Akasema alidhani nasemea zile elfu mbili. Mwezi ule baada ya kutuma alikuwa anakwenda kazini kwa miguu.

Nilikaa ngazini. Nimebishana na mapadri, na wakomunisti, na wahariri. Leo nilihesabu vidato.

Akauliza nimejenga nini. Nikamwambia. Kitanda. Dirisha. Akauliza dirisha lina ukubwa gani. Nikatanua mikono yote miwili nimwonyeshe, kwenye simu isiyo na macho. Nikasema, kubwa. Akauliza kama mlima unaonekana mzima, au nyumba ya Hilarión inaukata. Nikasema mzima. (Kilele cha kushoto hakionekani.)

Akasema, "Kesho nenda ukatie sahihi, acha ukaidi, lipa hela za watu." Nikasema sawa. Nilidhani amekata simu. Kumbe bado.

"Na huyo kuku," akasema, "mrudishie Mama."

Jumatatu, 27 Januari

Nimetoka asubuhi kwenda benki. Suti kavu, kalamu mfukoni, mtetea kwapani. Mtetea nimemrudisha kwa mama mkwe. Amemtazama, amenitazama, akatikisa kichwa, akamweka juu ya redio.

Mpaka hapo nilikuwa mtiifu. Lakini njiani nimefikiri, nikarudi. Mwanamke asiyerudi haulizi habari za mlima! Auulizie wa nini? Na nimemwambia unaonekana mzima. Atafika, atafungua dirisha, atakuta kilele kimoja hakipo, na mimi ni mwongo ndani ya nyumba yake. Haikubaliki. Dawa ni moja: kupanda ghorofa moja zaidi.

Matofali yameshuka adhuhuri. Ya mkopo. Hilarión amenidhamini kwa shemeji yake muuza matofali, huku akicheka mpaka machozi. Ile karatasi ya benki ingali mfukoni, haina sahihi. Kalamu nimempa fundi, apigie mistari ukutani.

Na ninyi mabwana wa benki, mtakaposomewa shajara hii mahakamani, sikilizeni. Siwaombi msamaha wa deni. Mtafuteni yule mwenye kidole kizito. Mkiwa mmemfukuza, mrudisheni. Mkalisheni kwenye kiti chake kilekile, Eulogia akituma tena mwezi ujao. Akipenda asiongeze sifuri. Lakini pale chini, penye Ujumbe, pasiachwe peupe. Mwambieni akosee tena. Aandike: Naja.