Wiki Yetu ya Mombasa, Hapo Chini Cyangugu

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Imebaki wiki moja niwe prezida wa koperative ya mafundi cherehani wa soko la Kamembe. Uchaguzi ni Jumatatu ijayo. Mimi Delphin, mshonaji wa makoti, dhidi ya Hakimu, mshonaji wa kanzu. Kwa mikono hanishindi. Shida ni Dar es Salaam. Mwezi wa saba alimpeleka mke wake Zulaikha na watoto kuona bahari, na tangu arudi hatupumui. Akimpima mtu kiuno, bahari. Akitia uzi kwenye sindano, bahari. Sasa sokoni wanasema prezida awe muntu aliyetembea.

Upuuzi! Prezida ni kichwa. Mwezi uliopita mkutanoni nilitoa mawazo matatu, yote yakapigiwa makofi. Mawazo yenyewe siyakumbuki. Makofi nayakumbuka.

Bon. Leo nimetangazia soko zima: kesho familia yangu inaenda Mombasa. Hakimu akauliza tutapita njia gani. Nikamwambia ile ya kawaida.

Mke wangu Umuhoza, anayeshona uniforme za shule kwenye cherehani iliyo jirani na yangu, alisubiri tufike nyumbani ndipo akauliza Mombasa gani. Nikamweleza mpango. Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. Kisha akasema katika miaka kumi na mbili ya ndoa hajaonja vakansi, yaani likizo, hata siku moja, na hata iwe kwenye ndoo, yeye majini ataingia. Nimelichukua hilo kuwa ni ndiyo.

Jumanne, 26 Agosti

Kazi safi! Tumepanda basi la Kigali mbele ya macho ya watu, na masanduku mawili, nikipunga mkono dirishani mpaka bega likauma. Tukashuka kituo cha kwanza, tukarudi kwa pikipiki tatu hadi Cyangugu, kwenye Ziwa Kivu, kilomita chache tu chini ya nyumba yetu. Sifa kwa aliyeleta kaske, ile kofia ngumu ya abiria wa pikipiki: ukishaivaa, hata mama yako hakujui. Motari aliyenibeba alikuwa mteja wangu. Nikabadilisha sauti njia nzima. Aliponishusha akasema aksanti, Papa Bella. Sijui jina langu kalitoa wapi.

Nyumba ya wageni iko karibu kabisa na maji. Jua kali. Vumbi la kiangazi limejaa hewani na ng'ambo haionekani. Maji, halafu basi. Bahari kamili! Nimepiga picha kumi na nne.

Bella, mtoto wetu wa kwanza, wa miaka kumi na moja, akauliza wataogelea lini. Nikamwambia tukionekana tumekwisha. Mdogo wake Izabayo akalia. Nikampiga picha hivyohivyo, nikaandika chini yake kwamba chumvi imemwingia machoni.

Jumatano, 27 Agosti

Kosa dogo. Kwenye grupu ya simu ya koperative nimetuma picha ya chakula cha mchana: "Samaki wa Bahari ya Hindi." Kumbe sahani imejaa sambaza! Visamaki hivi vya Kivu kila muntu wa Kamembe amevila tangu alipoota meno. Hakimu akaandika kuuliza kama sambaza nao wamepata vakansi. Watu thelathini na wawili wamecheka. Nikajibu kwamba Mombasa wanawaagiza kutoka kwetu. Hilo ni jibu la prezida.

Umuhoza anataka kutoka nje. Dirishani anasikia watoto wa wengine wakiruka majini. Amesema, "Papa Bella, batoto banachoka na hii chumba. Na miye pia." Nimemwomba avumilie mpaka Jumatatu. Alikuwa amekunjua nguo ya kuogelea aliyojishonea mwenyewe, ya kitenge, akaitazama, akaikunja tena. Imenichoma. Lakini uongozi una gharama.

Alhamisi, 28 Agosti

Mvua! Ya kwanza tangu kiangazi kianze, mchana kweupe. Jua likarudi, nikajipiga picha ya ushindi, nikaituma mbio. Mungu wangu. Mvua imeosha hewa yote. Nyuma ya kichwa changu kuna Bukavu nzima, ule mji wa ng'ambo ya ziwa, mabati kwa mabati. Nimeifuta baada ya dakika nne. Hakuna aliyeiona, nina hakika. Zulaikha tu ndiye ameuliza kama yule anayeanika nguo karibu na sikio langu si shangazi yake. Utani wa wanawake.

Ijumaa, 29 Agosti

Umuhoza ametoa hukumu. Kesho saa mbili asubuhi anaingia majini na batoto, niwe prezida nisiwe. Nikikataa, anaenda kwa mama yake Bugarama, na cherehani yake anaibeba. Cherehani! Mwanamke akitaja cherehani hatanii. Nikaogopa kweli. Nimekubali, kwa sharti la kuwa mapema. Jumamosi asubuhi, ufukweni atakuwa nani?

Jumamosi, 30 Agosti

Umuganda.

Nani anasahau umuganda? Jumamosi ya mwisho wa mwezi nchi nzima inatoka na majembe na fagio. Mimi nimesahau. Saa mbili kamili mke wangu na watoto wako ndani ya maji mpaka shingoni, mimi nimesimama na taulo na miwani ya jua, nasikia nyimbo. Koperative yote inateremka kutoka Kamembe, na mapanga!

Hakimu mbele, na karatasi. Akasoma kwa sauti: kwa wazo la Delphin, lililopitishwa kwenye mkutano wa Julai, umuganda wa Agosti ni kusafisha ufukwe wa Cyangugu. Moja ya yale mawazo yangu matatu. Wakapiga makofi tena, marefu kuliko ya kwanza.

Nikasema tumewahi kurudi kutoka Mombasa ili nisikose umuganda. Izabayo akapiga kelele kutoka majini kwamba Papa aliwafungia chumbani. Na kumbe yule motari alishasema yote tangu Jumanne. Soko zima lilijua! Zulaikha akaniambia kila asubuhi walikuwa hawagusi sindano kabla ya kuona picha zangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Umuhoza akatoka majini na kitenge chake kinachuruzika, akamnyang'anya Hakimu karatasi, akagawa kazi: ninyi chupa, ninyi majani, Hakimu mtaro. Mimi? Mtaro pia. Saa tano ufukwe unang'aa. Ndipo akasema aliyemaliza aingie majini. Zulaikha alikuwa wa kwanza, na nguo zake zote.

Hakimu alisimama kwenye maji ya magoti, anauliza kina. Bahari kaiona, kuogelea hajui! Bella akamshika mkono. Nilicheka mpaka nikaanguka ndani. Umuhoza akanimwagia maji usoni, anacheka kwa sauti. Sijamsikia hivyo tangu harusi yetu. Nilifurahi sana, naandika kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 1 Septemba

Matokeo. Hakimu kura tisa. Mimi moja. Aliyenipigia namfahamu vizuri, ni mtu mwenye akili. Umuhoza, ambaye hata hakugombea mpaka Zulaikha alipolitaja jina lake, thelathini.

Yaani nimeshinda! Koperative inaongozwa na nyumba yangu. Na nani alimfikisha ufukweni siku ile? Mpango wangu. Madame Prezida ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nikasema mengi sana. Akanitazama vilevile kama Jumatatu ile nyingine.

Leo Hakimu ametangaza kwamba Desemba anampeleka Zulaikha Nairobi. Nairobi! Msitu wa Nyungwe hauko mbali na hapa. Baridi, ukungu, miti mirefu, mvuke unatoka mdomoni. Nikiwavalisha watoto makoti niliyoshona mwenyewe, nani atajua si Ubelgiji? Kalenda nimeshaangalia: Jumamosi ya mwisho ya Desemba ni tarehe 27. Tutaondoka tarehe 28, kosa lile sirudii. Na nyani wakitokea kwenye picha, jibu ninalo: Ubelgiji wanawaagiza kutoka kwetu.