Sifa Saba za Mkurugenzi Mpya

Jumatatu, 4 Machi

Habari njema. Mkurugenzi anastaafu mwisho wa mwezi! Ametutangazia asubuhi katika chumba cha mikutano, huku akipangusa miwani. Nikajitahidi kuonyesha huzuni. Nadhani nilizidisha, maana mhazili alinisogezea glasi ya maji.

Hiki ni Kituo cha Utafiti wa Sera na Utawala wa Elimu ya Juu. Tuko tisa. Kazi yetu ni kuvifundisha vyuo vikuu namna ya kujitawala, nasi huu ni mwezi wa nne hatujaafikiana nani akae na ufunguo wa kabati la karatasi. Wenzangu ni mizigo mitupu. Yupo anayeandika mapendekezo kwanza, kisha ndipo atafute utafiti wa kuyabeba. Yupo ambaye sijui anafanya nini, na nadhani hata yeye hajui.

Mimi ni naibu mkurugenzi mwaka wa kumi na moja sasa. Nani mwingine atakalia kile kiti? Bi Ibara? Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi hata kuomba sukari bila kutaja kifungu. Mwanamke mkavu. Husoma kila karatasi inayopita mezani kwake, mpaka tangazo la kukatika maji, na husoma pande zote mbili.

Nimemwambia mke wangu. Akasema nisimwambie mama yake kwanza. Nimekwisha kumwambia.

Jumanne, 5 Machi

Akili yangu hainiangushi. Kabla Baraza la Chuo halijatangaza nafasi, ni lazima kituo kiandike sifa za mwombaji. Kazi ya kuchosha, hakuna anayeitaka. Nikajitolea! Mkurugenzi alinishukuru mara mbili. Masikini, hajui kitu.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Nimevuta. Sifa ya kwanza: awe ameshika cheo cha naibu kwa miaka isiyopungua kumi. Ya pili: awe ameongoza kamati nne. Mimi nimeongoza ya Maegesho, ya Chai, ya Tahadhari ya Moto, na ile ya Kuchunguza Kwa Nini Kamati Hazimalizi Kazi, ambayo bado haijamaliza. Ya tatu: awe amewahi kukaimu. Nilikaimu siku tisa, mkurugenzi alipong'olewa magego. Na kuendelea hivyo mpaka ya saba: awe na sauti inayosikika hadi nyuma ya ukumbi.

Nimejisomea zote kwa sauti. Nilisikika hadi kwa mhazili.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao cha watumishi wote. Nilimwogopa Bi Ibara tu, nikaandaa majibu kumi na moja. Sikuyatumia! Alisoma kurasa zote mbili, kidole kikifuata mstari, akasema hana pingamizi. Ombi lake moja: kumbukumbu za kikao zimtaje aliyeziandika sifa hizi.

Kumbe hata yeye anajua kutoa heshima. Nikamwagiza mhazili aandike jina langu kamili, cheo na shahada zote. Mhazili akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mtu asifiwe anapostahili. Alipokuwa akikusanya vikombe alisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu naye amezoea kuropoka mafumbo, na majalada yake hayajapangwa tangu mwaka jana.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji yangu, fundi seremala, amekuja kupima ofisi ya mkurugenzi ili anitengenezee meza mpya. Bahati mbaya mkurugenzi alikuwa bado ndani, anakunywa chai. Shemeji hana soni. Akamwomba anyanyue miguu. Nikasema ni ukaguzi wa samani. Mkurugenzi akanyanyua miguu na kuendelea na chai. Mtu mwema sana. Ndiyo maana kituo kimelala.

Mchana nimefunga bahasha ya maombi yangu. Tangazo la nafasi, lililotoka leo asubuhi, linataka mwombaji aambatishe kazi yake bora kuliko zote. Nimeweka ule utafiti wetu wa miaka sita iliyopita, kuhusu uteuzi wa viongozi vyuoni. Kurasa tisini na nne! Unanukuliwa kila mahali. Jina langu la kwanza, la Bi Ibara la pili. Ni kweli aliuandika yeye, lakini nilikuwa mkubwa wake, na mkubwa hutangulia. Nilipoutia kwenye bahasha nilishangaa ulivyo mzito. Sikuwahi kuushika muda mrefu.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amekuja na mashoga zake watatu kumtazama mkurugenzi. Walinizunguka sebuleni, wakanikagua kuanzia viatu. Miaka ishirini na mbili mama huyu amenitambulisha kwa watu kama "mume wa binti yangu, yuko huko chuoni." Leo kasema "mkurugenzi wetu." Sitaki kuficha: kiti hiki nakitaka kwa ajili ya neno hilo kuliko mshahara.

Mke wangu alinifuata jikoni, akaniuliza nikikikosa nitamwambia nini mama yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 11 Machi

Muda wa maombi umekwisha saa sita. Mwombaji ni mmoja. Mimi! Bi Ibara hakuomba. Nilipita mlangoni kwake nikamkuta anasoma, nikamtakia kazi njema kwa sauti ya mshindi mwenye huruma. Akasema asante, na kwamba anatumaini kamati itasoma viambatisho vyangu vyote. Nikamwambia kamati za Baraza hazisomi viambatisho. Hili nimelifanyia kazi miaka kumi na moja, nalijua.

Jumatano, 13 Machi

Nimefunga mlango wa chumba ndipo naandika.

Usaili ulianza saa nne. Mwenyekiti wa kamati ni jaji mstaafu, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeulizia njia. Mbele yake: bahasha yangu, na kumbukumbu za kile kikao cha Alhamisi. Akaniuliza kama sifa saba niliziandika mimi. Nikasema zote, peke yangu, bila msaada wa mtu. Akaandika kitu.

Kisha akaniuliza kazi yangu bora ni ipi. Nikamwonyesha utafiti. Akaniomba nifungue ukurasa wa arobaini na moja na kusoma pendekezo la sita, kwa sauti, wajumbe wasikie. Nikajisikia vizuri. Nikasimama. Nikasoma kwa ile sauti inayofika nyuma ya ukumbi:

"Mtu yeyote aliyeshiriki kuandika sifa za nafasi ya uongozi asiruhusiwe kuiomba nafasi hiyo, na maombi yake yatupwe."

Nikasoma tena, kimoyomoyo, nikidhani nimeruka neno. Sikuwa nimeruka.

Jaji akaniuliza kwa upole, "Maneno haya ni yako, au si yako?"

Mungu wangu! Nikisema si yangu, basi miaka sita nimetembea na jina langu juu ya kazi ambayo sijaifungua. Nikisema ni yangu, nimejitupa mwenyewe. Nilitazama dirishani. Nikaona gari la mama mkwe likiegeshwa. Alikuwa amekuja kunipongeza.

"Ni yangu," nikasema.

"Basi tunakubaliana nawe," akasema jaji, akafunga jalada.

Alhamisi, 14 Machi

Baraza limefuta sifa zangu saba, limempa mkurugenzi likizo ya kustaafu kuanzia kesho, na kumteua Bi Ibara kukaimu mpaka nafasi itangazwe upya. Hakuomba hata mara moja. Ameletewa!

Jana mama mkwe hakunilaumu. Ingekuwa afadhali. Alinishika mkono hadi kwenye gari kama mgonjwa aliyetoka hospitali, na njiani alipopigiwa simu nikamsikia akisema yuko na mume wa binti yake. Leo nimejifungia chooni ghorofa ya pili, nikalia. Nimeona aibu, na hasira, na aibu tena.

Mchana Bi Ibara amekuja ofisini kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Akaketi bila kukaribishwa.

"Kaka, mimi sikukitaka kiti chako," akasema. "Uliniondoa mbele ukajiweka wewe, nikanyamaza. Nilichongoja miaka sita ni siku moja uje uniambie umeusoma ule utafiti."

Kwa kweli niliguswa. Nikajiahidi kubadilika, kuanzia wiki ijayo.

Jumatatu, 18 Machi

Wiki mpya, mtu mpya. Bi Ibara, sasa kaimu mkurugenzi, ameniletea rasimu ya muundo mpya wa kituo. Kurasa themanini. Akanisihi niisome yote mwenyewe, taratibu, na niandike pingamizi langu kabla ya saa kumi, maana baada ya hapo inakwenda Baraza na hairudi. Alisema mara tatu. Vyeo vya kukaimu huwatia watu wasiwasi.

Nikaifungua, naapa. Sura ya tisa, kwa herufi nzito: "Naibu Mkurugenzi: Masharti ya Mpito." Sura nzima juu yangu mimi! Anajuta, na anatafuta namna ya kunipoza. Ningeisoma, lakini nina jambo kubwa zaidi: nafasi ikitangazwa upya, sifa zitaandikwa na kamati, na kamati itahitaji mwenyekiti asiyeonekana. Nimeshachora mpango kurasa tatu. Kwa hiyo nikatia sahihi rasimu, "Nimesoma, naafiki, bila pingamizi," na saa tano kasoro robo ilikuwa imerudi mezani kwake. Aliitazama ile sahihi kwa muda mrefu.

Saa tisa mhazili kabisha hodi, akaniuliza boksi moja litatosha kwa vitu vyangu au aniletee mawili. Nimejua tu, wananihamishia chumba kikubwa! Nikamwambia alete matatu, maana vitabu vyangu ni vingi.