Bashayer Alizaliwa Baada ya Magharibi

Kwa mwanangu Thabit,
Msimamizi wa klabu ya lakrosi ya wasichana,
Qurum.

Assalaam alaykum. Sisi huku Sib tu wazima, alhamdulillahi. Mgonjwa ni haki peke yake, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi ni bibi yake Bashayer. Ni yule unayemwona kila Jumamosi kando ya uwanja na kiti chake na chupa yake ya kahawa, na ukiniona unajifanya unafunga kamba za viatu. Nakwita mwanangu kwa kuwa bibi yako, Mungu amrehemu, nimecheza naye mpira wa nage Unguja tukiwa watoto, na hata siku moja hakumdhulumu mtu. Sijui wewe umemfuata nani.

Sikusoma sana. Msahafu nimehitimu, shule nikaishia darasa la nne. Lakini kuhesabu najua. Huo mchezo wenu wa kukimbizana na kijipira kwa fimbo yenye kikapu cha nyavu nimeshauelewa wote, isipokuwa kitu kimoja: Bashayer anacheza lini? Wiki ya tisa hii kavaa miwani ya kukinga macho, kashika fimbo, kakaa benchi. Sasa kila Jumamosi ikikaribia anatafuta udhuru wa kutokwenda. Na wiki ijayo mnachagua timu ya kwenda Dubai. Asipochaguliwa, kasema, fimbo atampa mtoto wa jirani aangulie ndimu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kundi lake mnaliita la waliozaliwa 2014. Mwenzake Taghreed, anayecheza kila wiki, kazaliwa tarehe tatu Januari. Bashayer mmemwandika tarehe thalathini na moja Disemba. Eti hao ni rika moja. Siku Bashayer anakatwa kitovu, Taghreed alikuwa na meno sita, anashika meza anakwenda, na akiona mwenzake ana kipande cha mkate anakinyang'anya. Hajaacha. Idi iliyopita alikuja kwetu na wazazi wake, nikaona kiatu mlangoni, nikakisogeza kwa heshima nikidhani cha baba yake. Sina ugomvi na mtoto. Ale, akue. Lakini asikue mbele ya mjukuu wangu.

2. Nilipokuuliza ulinijibu, kwa adabu nakiri, kwamba wakikua watalingana. Mwanangu, mwenye njaa haambiwi mwakani kuna mavuno. Wa Januari ndiye mkubwa, kwa hiyo ndiye anayecheza. Kwa kuwa anacheza, ndiye anayejifunza. Kisha mnakaa mnasema huyu kajaaliwa kipaji. Kipaji gani? Kajaaliwa Januari.

3. Hapa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo haki yangu ilipo. Bashayer alizaliwa saa mbili ya usiku. Magharibi nimeisali pale pale hospitali, isha nimeisali, ndipo mtoto akalia. Nawe umelelewa Kiislamu, unajua siku yetu inaanza jua likizama. Mwezi wa Ramadhani ukiandama twasali tarawehe usiku ule ule, na kufunga ni kesho yake. Alkhamisi ikichwa, ule ni usiku wa Ijumaa. Basi mtoto alipolia Disemba ilikuwa imekwisha kitambo. Bashayer ni wa tarehe mosi Januari 2015, na kundi lake ni la chini, alimo binamu yake Ruba, mtoto wa binti yangu Rahila. Ruba ni kijitu kidogo hivi, kazaliwa Oktoba, mbio kama panya, na anacheza kila wiki. Itakuwaje mdogo acheze na mkubwa wake akae?

4. Usiniambie habari ya cheti. Cheti ni karatasi. Tulipofika Muscat kutoka Unguja, karani alikuwa kachoka na foleni imetoka mpaka nje, akatuandika sote tarehe mosi Januari: mimi, mume wangu, shoga yangu Masouda, na mama mkwe wangu ambaye ukoo mzima unajua kazaliwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Laiti tungecheza lakrosi, nyumba nzima tungekuwa na vipaji.

5. Ikiwa magharibi yangu huitaki, basi haki ni kumsubiri mwenzake. Taghreed akae benchi miezi kumi na moja na siku ishirini na nane, na muda huo asikue, mpaka Bashayer amfikie. Sitamwonea. Benchi lile nalijua, lina kivuli, na kahawa nitammiminia mwenyewe.

6. Na kama hilo nalo limekushinda, fanyeni kama tulivyofanya sisi kwenye nage. Watoto wawili wawili wapimane mabega, walio sawa mmoja aende huku, mmoja kule. Taghreed apimwe na wewe.

Nangoja jawabu kabla ya Jumamosi. Nisipolipata, kiti changu nitakiweka katikati ya uwanja, tuone nani atakayenipitia juu. Nisalimie mama yako, na mkeo, na yule kijana anayechora mistari ya chokaa, mwambie haijanyooka. Watu wote wa Sib wanakusalimu, isipokuwa Bashayer, kakununia.

Mimi, bibi yako kwa haki ya nage,
Zuwena binti Khalfan

Nyongeza, kwa mkono wangu mwenyewe:

Barua hii nilimpa Rahila, mama yake Ruba, aipige chapa. Kapiga mpaka mwisho, kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya marehemu baba yake, kundi la chini wanacheza wangapi, na Bashayer akiingia, naye ndiye mkubwa wao wote, nani atatoka. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Rahila akachukua kiti changu akakitia garini mwake akaenda zake nacho, na baadaye Ruba akanipigia simu kuniuliza kama mimi na yeye tumegombana.

Basi mwanangu, nimefikiri upya. Mwaka ule nilikuwa na mtoto wa jicho, sikuwa naona vizuri, na huenda jua lilikuwa bado. Kama magharibi niliisali mapema, Mola ndiye wa kunisamehe, si wewe. Cheti ni karatasi ya serikali na kina muhuri. Bashayer abaki alipo. Na yale maneno yako, kwamba wakikua watalingana, nimeyazingatia nikaona ni maneno ya mtu mwenye hekima. Umemfuata bibi yako.

Ila namba tano, ile ya Taghreed na benchi, iache vile vile. Kahawa nimeshaiteleka.