Malalamiko Kuhusu Siri Yangu Kutunzwa Kupita Kiasi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mshika Ufunguo wa Pili wa Sanduku la Maoni,
Ofisini kwako, mlango wa kijani.

KUHUSU: SIRI YANGU KUTUNZWA KUPITA KIASI

Mheshimiwa,

Ninakuandikia nikiwa na afya njema, akili timamu na mashine mbili za kunyolea, moja ya kazi na moja ya akiba. Unanijua. Mimi ndiye kinyozi wa kibanda kinachotazamana na ofisi yako, na kisogo chako ninakijua kuliko anavyokijua mkeo. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga, ila mimi na mwalimu wa hesabu tulitofautiana kimsimamo. Lakini dunia nimeiona. Nimepanda ngazi inayopanda yenyewe. Nimemnyoa nahodha wa meli. Nimemnyoa hata jaji mstaafu, akalala kitini, akaniachia hukumu yote mikononi. Kwa hiyo ninapolalamika, ujue si mtu wa hivi hivi anayelalamika.

Miezi miwili sasa imepita tangu ofisi yako igawe fomu za kukusanya maoni ya wananchi kuhusu uongozi wa mtaa. Maswali kumi na manne. Niliyajibu yote kwa mwandiko wangu wa sikukuu. Taa za barabarani: zipo, haziwaki. Mtaro: umeziba. Je, una imani na viongozi wako: inategemea wameamkaje. Nikafika swali la mwisho, lile linalouliza kama kuna jambo lingine lolote mwananchi angependa ofisi ilijue. Hapo nikavuta pumzi, nikaandika siri ambayo kwa miaka minne sijapata kuitamka mbele ya mtu.

Siri yenyewe ni hii. Baba yetu alikuwa kinyozi, na alipofariki aliacha kiti kimoja cha kazi, kile cha chuma chenye kanyagio la kupandishia. Watoto tuko wawili: mimi, na kaka yangu mkubwa ambaye leo anatengeneza redio kwenye kibanda cha jirani. Kaka ndiye mwenye mkono. Akikunyoa unatoka hapo unajisalimia mwenyewe kwenye kioo. Basi baada ya mazishi niliwaambia wazee kwamba siku ya mwisho baba aliniita peke yangu, akaniusia kiti. Mheshimiwa, baba hakuniusia kitu. Siku ile aliomba dirisha lifunguliwe, basi. Kaka hakubisha. Alilikunja joho lake la kunyolea, akaenda kuunga nyaya za redio za watu, na tangu hapo tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Mwisho wa mwezi huu anahama. Vitu vyake ameshavifunga kwenye makreti, anakwenda kuishi kwa binti yake, safari ya siku mbili. Akiondoka kabla hajajua kwamba ninajua nilivyomkosea, basi tena. Ndiyo maana niliijaza fomu yenu. Niliijaza nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba mtaivujisha. Hamkuivujisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisi imevunja imani ya wananchi. Enzi za karani wenu mstaafu, yule tuliyembatiza jina la Mzee Kipaza, mambo hayakuwa hivi. Nilipokwenda kwake kuomba barua ya utambulisho ili nikapimwe macho, sijafika hata kona, mwuza mkaa akaninyooshea vidole vitatu: "Kinyozi, hivi ni vingapi?" Wateja sita waliahirisha kunyolewa siku ile. Kuna mwashi, pande la mtu, alimnong'oneza Mzee Kipaza kwamba anaogopa mende. Kufika jioni watu walikuwa wanampa pole. Hiyo ndiyo imani, Mheshimiwa. Tulikuwa na hakika kwamba ofisi haitatunza neno, na ofisi haikutuangusha hata siku moja. Leo mwananchi anaweka neno lake ofisini, analiacha likiwa zima, anarudi baada ya miezi miwili analikuta pale pale. Serikali gani hiyo?

2. Kufuli. Sanduku la maoni lina kufuli mbili, ufunguo mmoja anao karani mpya, wa pili unao wewe, na halifunguliwi mpaka muwepo nyote wawili. Sanduku la mbao, Mheshimiwa! Duka la dhahabu nililowahi kupita mbele yake lilikuwa na kufuli moja na mlinzi aliyelala.

3. Namba. Fomu zenu hazina jina, zina namba. Mimi ni 0212. Kwa kuwa sikubaliani na mambo ya kujificha, niliandika jina langu pembeni kwa herufi kubwa, na chini yake nikachora kiti, ili hata asiyejua kusoma aelewe habari inamhusu nani. Karani mpya, binti mpole mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, aliniambia kwa heshima zote kwamba jina amelifuta kwa wino mweupe. Kwa usalama wangu. Kile kiti nacho amekifuta. Nilikichora vizuri sana.

4. Mstari mweupe sakafuni. Tangu huyu binti aje, mwenye shida anasimama dirishani peke yake, na wengine wote wanangoja nyuma ya mstari. Nilikwenda pale siku ya foleni ndefu, nikapaza sauti niliyopewa na Mungu: "Samahani, ile fomu yangu ya 0212, ile inayohusu KITI, inayohusu mtu na KAKA yake, imefika salama?" Akaniambia, "Baba, shusha sauti, nyuma yako kuna watu." Nilijua kuna watu! Niliwafuata wao! Nikageuka. Wote walikuwa wanatazama dari. Mwuza mkaa, yule yule wa vidole, alikuwa ameziba masikio na macho ameyafumba. Nikamwuliza nje, "We bwana, hukusikia kitu?" Akasema, "Mambo ya mtu na ofisi yake, kinyozi. Mimi simo." Mwuza mkaa! Mmewaharibu watu waliokuwa wazuri.

5. Takwimu. Wiki iliyopita mlibandika matokeo ya maoni ukutani. Nilikimbia na sabuni ya mteja mkononi. Nikakuta michoro. Nguzo nyekundu ni ya taa, nguzo ya njano ni ya mtaro, na mwisho kabisa nguzo fupi ya bluu, imeandikwa: "Wenye jambo lingine: 38." Miaka minne ya kukosa usingizi, Mheshimiwa, mmeifanya kipande cha nguzo ya bluu. Hata hivyo sikukata tamaa. Nilimwita kaka aje aitazame, nikasimama kando yake, nikakohoa mara mbili. Akaitazama kwa makini, akasema, "Rangi nzuri, bwana mdogo," akarudi kwenye redio zake.

6. Utasema, kwa nini nisimwambie mwenyewe. Mke wangu amekutangulia. Siri hii aliing'amua bila kuambiwa, wake ndivyo walivyo, na kila asubuhi ananipigia hesabu: "Ni hatua sita, baba watoto. Miguu unayo. Mdomo ndio kabisa, huo tungeweza kuukodisha." Kwanza ni hatua saba, nimezipima. Pili, kinyozi hajinyoi. Mdomo wangu umewahi kumshawishi mtu mwenye upara anunue chanuo, lakini ukifika kwenye neno "nisamehe" unazima kama mashine iliyokatikiwa umeme katikati ya kichwa. Si kwamba sijajaribu. Mwezi uliopita nilibeba redio yangu, nzima kabisa, nikampelekea kaka nikasema ni mbovu, ili nipate pa kuanzia. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akaigeuza huku na huku, akasema, "Haina ubaya wowote. Ina kelele tu, imefanana na mwenyewe." Nikacheka. Nikamlipa. Nikarudi na redio yangu.

7. Kwa hiyo naomba, tena kwa unyenyekevu, mojawapo ya haya lifanyike kabla ya Ijumaa. Mzee Kipaza arudishwe kazini kwa mkataba wa siku moja, asomewe fomu 0212, kisha aachiwe atembee. Kama afya yake hairuhusu, sanduku litobolewe tundu upande wa barabara. Kama mbao ni ngumu, iundwe nafasi ya Afisa Mvujishaji wa Mtaa, mtu mwenye uzoefu, anayeweza kuanza sentensi kwa "usimwambie mtu" na asicheke. Na kama yote hayo hayawezekani, basi lile gari la matangazo ya chanjo likimaliza kutangaza chanjo, litangaze na hili langu. Maneno nitaandika mwenyewe, sihitaji kusaidiwa.

Nikikosa jibu nitakwenda ofisi za juu, na huko sitaomba tena fomu moja. Nitaomba, kwa ajili ya usawa, zile zote 38 zisomwe hadharani, kwa spika, kila moja na jina la mwenyewe. Najua 37 hawatapenda. Lakini mimi nilifundishwa, kabla sijaacha shule, kwamba raia wema ni wale wanaobeba mzigo wa mwenzao. Na wewe, Mheshimiwa, kama una jambo lako kwenye nguzo ile ya bluu, shauri yako, ungeliandika kwa kifupi.

Nisalimie mama nyumbani kwako, na yule askari wa getini anayedai kila siku kwamba nywele zake hazikui. Msalimie karani mpya, ingawa najua hatamwambia mtu kwamba nimemsalimia. Mzee Kipaza ukimwona, mwambie mtaa umekuwa kimya mpaka tunasikiana tukifikiri. Wasalimie wote wanaongoja nyuma ya mstari.

Ni mimi, mwananchi wako mtiifu niliyechoshwa na heshima,

Namba 0212
(Kinyozi. Herufi kubwa zimekatazwa.)

NYONGEZA, imeandikwa siku ya pili.

Mheshimiwa, barua hii niliipeleka dirishani kwa mkono wangu. Karani aliisoma yote akiwa amesimama, uso umetulia kama ukuta uliopakwa rangi jana. Alipomaliza akanirudishia. Akasema barua ya malalamiko inayomtaja jirani haipokelewi mpaka jirani huyo aisome na atie sahihi. Kanuni ya saba. Nikatazama ukutani mlikobandika kanuni. Zinaishia ya tano. Nikamwambia. Akasema, "Ya saba bado haijabandikwa, baba. Anayefuata!"

Nami mbele ya kanuni ni mtu mnyonge. Nikaenda, nikaiweka barua juu ya meza ya kaka, katikati ya vyuma vya redio, nikamwambia ni mambo ya ofisi, atie sahihi tu. Kaka hatii sahihi asichokisoma. Alivaa miwani yake, akasoma. Alisoma muda wa kunyoa vichwa viwili na kuanza cha tatu. Sikuwa na pa kuweka mikono. Alipofika kwenye habari ya baba akasimama, akauliza swali moja tu: "Dirisha, ulilifungua?" Nikasema, "Nililifungua, kaka. Upepo ukaingia, akafurahi." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma mpaka mwisho, akatia sahihi. Kisha akasema hatua ni sita na nusu, kwa kuwa kizingiti ni chake.

Leo asubuhi mwenye mkokoteni alifika kuchukua makreti, akaambiwa arudi na mkokoteni wake mtupu. Kiti sasa ni cha kaka kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na baada ya adhuhuri ni changu, ila baada ya adhuhuri haji mtu, wote wanawahi asubuhi. Askari wako wa getini ameshanyolewa mara mbili.

Kwa sababu hiyo ninaondoa malalamiko namba 1 mpaka 7 pamoja na vitisho vyake. Mzee Kipaza aachwe apumzike. Tundu lisitobolewe, na kama fungu la ofisi linaruhusu, muongeze kufuli ya tatu. Barua hii muifungie ndani kabisa, chini ya zile nyingine. Maana mke wangu alipotuona jana tumekaa pamoja alilia kwa furaha, akautangazia mtaa mzima kwamba mumewe ni mwanamume, amezipiga hatua zile mwenyewe, akaomba radhi kwa mdomo wake, bila kusukumwa wala kuandika.

Nami, Mheshimiwa, sijamkatalia.